Maneno ya Lebo ya Blanketi la Zawadi: Sarufi Katika Mistari Minne

Katika safu hii huwa tunajadili masuala ya sarufi yanayojitokeza madarasani. Safari hii suala limetoka kwenye kikapu cha ushonaji. Mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa tatu alileta idarani karatasi ndogo yenye mistari minne, akauliza kama Kiswahili chake kiko sawa. Nyanya yake, anayeishi Rusizi na ambaye umri wake umeshapita miaka 80, ameshona blanketi la vipande vya vitenge kwa ajili ya mtoto wa kwanza wa dada yake mwanafunzi huyo. Dada ameolewa Lubumbashi. Mtoto atakua akizungumza Kiswahili na Kifaransa, na Kinyarwanda huenda asikijue vizuri. Kwa sababu hiyo familia iliamua kwamba lebo itakayoshonwa nyuma ya blanketi iandikwe kwa Kiswahili, na mjukuu anayesoma lugha hiyo chuo kikuu ndiye akapewa kazi ya kuandika.

Karatasi yenyewe ilisomeka hivi:

Blanketi hii imetengenezwa na bibi
Kwa Neema
Kumbukumbu ya bibi
Mahari: Rusizi

Jina la mtoto tumelibadilisha, lakini tumechagua lingine la aina ileile kwa sababu ambayo msomaji ataiona hapo mbele. Maneno ni 12 tu. Hata hivyo, kila mstari una jambo linalostahili somo zima, na tumeona tusiyaache mambo hayo yapotee baada ya kumjibu mwenzetu.

Kabla ya sarufi, tueleze kwanza kitu kinachozungumzwa. Blanketi la aina hii lina matabaka matatu: juu ni vipande vya kitambaa vilivyounganishwa kwa mpangilio fulani, katikati ni pamba au blanketi kuukuu, na chini ni bitana. Matabaka hayo hushikanishwa kwa mishono inayopita yote matatu. Kamusi zetu zina neno mfarishi kwa kitu cha namna hiyo, nalo ni neno zuri, ila ni wachache wanaolitumia sokoni au nyumbani. Wengi watasema blanketi la viraka. Sisi tunashauri blanketi la vipande, maana kiraka ni kipande cha kuziba palipotoboka, na neno hilo huja na harufu ya ufukara. (Watangazaji wa mpira wa Tanzania wamelipandisha hadhi kidogo kwa kumwita mchezaji anayemudu nafasi nyingi uwanjani "kiraka", lakini hadhi hiyo bado haijafika kwenye matandiko.)

Desturi ya kushona maneno kwenye mablanketi haya imeenea sana Marekani. Huko, katika miaka ya 1840, kulikuwa na mtindo wa mablanketi ya urafiki: kila rafiki au jirani alitia saini yake kwa wino usiofutika kwenye kipande kimoja, kisha vipande vikaunganishwa na kupewa mtu anayehama au anayeolewa. Watu wengi waliohama hawakurudi tena, na saini hizo zikawa ndicho kitu pekee walichobaki nacho cha watu wa kwao.

Kazi nyingi zaidi hazikuandikwa chochote. Mfano unaofundisha zaidi ni wa Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani mwaka 1837 katika jimbo la Georgia na kufariki mwaka 1910. Alishona mablanketi yenye picha za visa vya Biblia na matukio ya angani. Moja alilionyesha kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens, Georgia, mwaka 1886. Mwalimu wa sanaa, Jennie Smith, alitaka kulinunua, naye akakataa kuuza. Mwaka 1891 shida zilimlazimisha kuliuza kwa dola 5. Wakati wa kulikabidhi alieleza picha moja baada ya nyingine, na Jennie Smith akayaandika maelezo hayo. Leo blanketi hilo limo katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington, na lingine la mama huyo limo katika makumbusho ya sanaa ya Boston. Tunajua picha zile zina maana gani kwa sababu mnunuzi alikuwa na kalamu siku ile. Maelfu ya washonaji wengine hawakupata msikilizaji wa namna hiyo, na kazi zao zikionyeshwa huandikwa tu kwamba mshonaji hajulikani.

Basi lebo ina kazi moja kubwa: kusema wakati mshonaji hayupo tena kujieleza. Siku nyanya anapokabidhi blanketi, hakuna anayehitaji lebo. Kila mtu aliyepo anajua bibi ni nani na Neema ni nani. Lebo itasomwa na Neema akiwa na miaka 30, huko Lubumbashi, au na mtoto wake. Kila neno tulilolikagua kwenye karatasi ile tulilipima kwa swali hilo hilo: je, msomaji huyo, asiye na wa kumuuliza, ataelewa nini?

Tuanze na mstari wa kwanza: Blanketi hii imetengenezwa na bibi.

Blanketi limo katika ngeli ya LI-YA, kwa hiyo ni blanketi hili. Kosa la "blanketi hii" ni la kawaida miongoni mwa wanafunzi wetu na hata katika mazungumzo ya wazungumzaji wengi wa bara, na halizuii maana. Lakini linatukumbusha jambo la kipekee kuhusu lebo za Kiswahili. Katika Kifaransa au Kiingereza mtu anaweza kuandika "iliyofanywa na fulani" bila kutaja kitu kilichofanywa, kwa kuwa kitu chenyewe kiko mkononi mwa msomaji. Kiswahili hakikubali mkato huo kirahisi. Hata usipolitaja blanketi, kitenzi kitadai ngeli: limeshonwa, umeshonwa ikiwa unawaza mfarishi, kimeshonwa ikiwa unawaza kitambaa, limeshonwa tena ikiwa ni shuka. Kiambishi kimoja kinatosha kutaja jina la kitu kimyakimya. Mwalimu anayetafuta njia ya kuwaonyesha wanafunzi kwamba upatanisho wa kisarufi hubeba maana ataipata hapa.

Anayetaka kulikwepa suala hili atumie nomino: Mshonaji: fulani, au Kazi ya mikono ya fulani. Ni sahihi, ni fupi, na hutosha kwa blanketi la maonyesho. Kwa zawadi ya mtoto tunaliona limepoa mno, kama fomu ya ofisini.

Kisha kuna kitenzi chenyewe. Imetengenezwa ni neno la kiwandani. Msomaji amezoea kuliona nyuma ya redio na chini ya sahani za plastiki. Tena kutengeneza katika matumizi ya kila siku ni pia kukarabati: tunatengeneza baiskeli iliyoharibika. Msomaji wa baadaye anaweza kudhani kwamba nyanya alilitia blanketi viraka lilipochanika. Nyanya ameshona, basi tuseme ameshona. Na kama ameshona kwa mkono, tuseme kwa mkono, kwa maana kazi ya sindano ya mkono huchukua miezi na ni haki yake ijulikane. Kama sehemu imepita kwenye cherehani, tusiandike kwa mkono kwa kutaka sifa. Watu wa ushonaji hutambua mshono kwa kuutazama, na lebo yenye neno moja la uongo huyatilia shaka yale mengine yote.

Hapa tunafika kwenye njeo. Limeshonwa na lilishonwa yote mawili ni Kiswahili safi. Kiambishi -me- huonyesha hali iliyopo kutokana na tendo lililokwisha, na siku ya kukabidhi zawadi ndicho kinachokuja mdomoni. Lakini lebo ikiwa na tarehe, na lazima iwe nayo, -li- hukaa vizuri zaidi: Lilishonwa mwaka 2024. Anayeandika lebo husimama leo, ilhali msomaji wake amesimama mbali, na kutoka pale aliposimama tendo limekwisha zamani. Tunakubali kwamba wapo wenzetu watakaosema limeshonwa 2024 si kosa. Si kosa. Ni kama kusikia mtu akiongea kwa sauti ya jana katika chumba cha leo.

Sasa neno bibi, ambalo ndilo lililotuchukua muda mrefu kuliko yote. Nchini Tanzania, na katika vitabu vingi tunavyofundishia, bibi ni mama wa mama au mama wa baba. Kenya, mtu akisema "bibi yangu" mara nyingi anamtaja mke wake, na mzazi wa mzazi humwita nyanya, neno ambalo kwa Mtanzania ni tunda la kupikia mchuzi. Lubumbashi nako bibi hutumika kwa maana ya mke. Fikiria basi lebo inayosema "imetengenezwa na bibi" ikisomwa mjini humo. Msomaji atauliza: bibi ya nani? Blanketi la mtoto mchanga linaweza kudhaniwa kuwa la mume wa mtu.

Tatizo hili haliondoki kwa kuchagua neno moja "sanifu". Usanifu husaidia katika mtihani. Kwenye lebo anayehesabika ni msomaji wa Lubumbashi. Tulimshauri mwanafunzi aandike jina kamili la mshonaji, kisha neno ambalo familia yenyewe humwitia, yaani Nyogokuru. Ni Kinyarwanda, na wapo watakaotulaumu kwa kuingiza Kinyarwanda katika sentensi ya Kiswahili wakati kazi yetu ni kufundisha Kiswahili. Hatuoni aibu. Jina la wito ni sehemu ya mtu. Mtoto atakuwa amelisikia kwa mama yake, na kama hajalisikia, hilo ni neno moja la lugha ya mababu ambalo atalipata bila kufundishwa.

Upande wa pili wa undugu ni wa mtoto. Kwa nyanya huyu, Neema si mjukuu. Ni kitukuu, yaani mtoto wa mjukuu, na baada ya kitukuu huja kilembwe. Wanafunzi wengi huishia kwenye mjukuu kwa sababu vitabu vya mwanzo huishia hapo. Neno kitukuu lina faida ya kueleza vizazi vitatu kwa silabi nne, na msomaji akijua tu kwamba mshonaji alimwita kitukuu, tayari amejua nafasi yake katika ukoo. Angalizo: ni kitukuu wangu, kama tunavyosema kijana wangu na kiongozi wetu, kwa kuwa anayetajwa ni mtu ingawa umbo la neno ni la KI-VI.

Mstari wa pili ulikuwa na maneno mawili tu, nao ndio uliotuchekesha: Kwa Neema.

Majina kama Neema, Furaha, Amani, Imani, Rehema na Baraka yameenea sana katika eneo letu la Maziwa Makuu. Ni majina ya watu na wakati huohuo ni nomino za kawaida. Ukitanguliza kwa, maana hugeuka papo hapo. "Kwa Furaha" ni "kwa moyo wa furaha". "Kwa Amani" ni "bila ugomvi". "Kwa Neema" itasomwa na mtu yeyote aliyewahi kuingia kanisani kama "kwa neema ya Mungu", na mtoto mwenyewe atakuwa ametoweka kwenye lebo yake. Zaidi ya hapo, kwa pamoja na jina la mtu huweza kumaanisha nyumbani kwake: "tunaenda kwa Neema". Herufi kubwa haisaidii, hasa kwa kuwa wengi hudarizi maneno yote kwa herufi kubwa.

Wengine hudhani watatoroka kwa kuandika zawadi ya Neema. Hapo wanaingia kwenye shimo jingine. Kiunganishi cha -a hakisemi kama Neema ndiye mtoaji au mpokeaji. Zawadi ya Mama ni ile aliyotoa mama au aliyopewa mama, na Kinyarwanda kina utata huohuo katika impano ya, kwa hiyo wanafunzi wetu hawaushtukii. Zawadi kwa fulani kutoka kwa fulani ni wazi kabisa, na hatuna neno la kuipinga isipokuwa urefu wake. Kumbuka tu kwamba kutoka kwa ni ya watu na kutoka peke yake ni ya mahali: kutoka kwa Nyogokuru, kutoka Rusizi.

Lakini Kiswahili kina chombo bora zaidi kwa kazi ya zawadi, nacho ni kauli ya kutendea. Kushona ni tendo. Kushonea ni tendo na mtu aliyelengwa nalo. Wazungumzaji wa Kinyarwanda hawana haja ya kuelezwa, kwa kuwa kudoda na kudodera hufuata njia hiyo hiyo. Tazama neno nilikushonea: herufi 12, nafsi ya mtendaji, wakati, nafsi ya mtendewa, tendo, na nia ya kwamba tendo lilifanywa kwa ajili yake. Hakuna kwa inayozua utata, wala hakuna ngeli ya blanketi inayodai upatanisho. Faida nyingine ni kwamba lebo huacha kuzungumza juu ya Neema na kuanza kuzungumza naye. Kwetu sisi hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote yaliyofanyika kwenye karatasi ile. Mtu mzima wa miaka 30 atakunja pembe ya blanketi na kukuta anaambiwa kitu na mtu aliyemfahamu akiwa mchanga.

Mstari wa tatu: Kumbukumbu ya bibi.

Mwanafunzi alitaka kusema kwamba blanketi ni kitu cha kumkumbukia nyanya. Alichoandika kinasomeka kama tangazo la kifo. Kumbukumbu ya fulani, katika magazeti na redio za Kiswahili, hutangulia jina la marehemu, na hapa nchini neno hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa kila mwaka kuanzia tarehe 7 Aprili ndilo tunalolitumia kwa Kiswahili tunapowakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Kumwandikia neno hilo mama mzee aliye hai, ambaye bado anapalilia maharage yake, si jambo dogo. Mwanafunzi alipoelezwa alinyamaza kidogo, akalikata neno kwa mistari miwili.

Yapo mablanketi yanayolihitaji neno hilo. Lile kubwa la kuwakumbuka waliokufa kwa UKIMWI, lililoanzishwa San Francisco mwaka 1987, lina vipande vya takriban sentimita 90 kwa 180, karibu na ukubwa wa kaburi, na kila kimoja kina jina la marehemu. Lilipotandazwa Washington mara ya kwanza Oktoba mwaka huo lilikuwa na vipande 1,920, na sasa ni takriban 50,000. Huko kumbukumbu ni mahali pake. Kwa mtoaji aliye hai, kama mtu anataka wazo hilo, aseme ukumbusho, yaani kitu cha kumkumbusha mtu: zawadi ya ukumbusho. Au aliache kabisa. Blanketi lenyewe litakumbusha bila kuagizwa.

Mstari wa nne una neno moja lenye herufi moja iliyopotea njia. Mahali ni sehemu. Mahari ni mali inayotolewa na upande wa mume, ile tunayoiita inkwano. Kwa kuwa Kinyarwanda hakitenganishi maneno kwa r na l kama Kiswahili kinavyofanya, kosa hili hutokea kila muhula na tumelizoea katika daftari. Katika daftari husahihishwa kwa kalamu nyekundu. Likishadariziwa na kutumwa Lubumbashi, familia ya mume itasoma "Mahari: Rusizi" na kujiuliza kama bado inadaiwa. Ushauri wetu ni wa kawaida: maneno yote yenye r au l yakaguliwe katika kamusi kabla sindano haijagusa kitambaa. Kwenye lebo hata hivyo neno mahali halihitajiki. Jina la mji na tarehe vinatosha, na mwezi uandikwe kwa jina. Ukiandika 7/8/2024, Mmarekani atasoma tarehe 8 Julai na sisi tarehe 7 Agosti.

Hapa msomaji mwenye asili ya pwani, au aliyeishi Dar es Salaam au Mombasa, atauliza: kwa nini msitumie methali, kama kwenye kanga? Swali ni la haki, kwa kuwa kanga ndiyo nguo ya zawadi yenye maneno inayojulikana zaidi katika Kiswahili. Maneno yake, yanayoitwa jina la kanga, yalianza kuchapwa mwanzoni mwa karne ya 20, na mfanyabiashara wa Mombasa Kaderdina Hajee Essak hutajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo huo. Mwanzoni yaliandikwa kwa hati ya Kiarabu, baadaye kwa hati ya Kirumi. Mwanamke akimpa mwenzake kanga, jina lake linaweza kuwa shukrani, pongezi au kijembe, na utamu wote uko katika kuficha. Mtoaji anaweza daima kusema kwamba alipenda rangi tu.

Tofauti ni kwamba jina la kanga huchapwa kiwandani kwa ajili ya yeyote atakayenunua, bila jina la mtu wala tarehe. Fumbo lake hufumbuliwa na hali iliyopo kati ya watu wawili siku ile. Hali hiyo ikishasahaulika, fumbo hubaki sentensi tu. Chanda chema huvikwa pete ni methali nzuri kwa bibi harusi, na haitamwambia mjukuu wake nani alishona. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe ni methali nzuri pia, lakini si ya kumshonea mkwe. Anayependa methali aiweke, mradi iwe nyongeza chini ya majina na isichukue nafasi yake. Na wanaotumia mabaki ya kanga kushonea vipande wachunguze kilichobaki kwenye maandishi. Mkasi haujui kusoma, na unaweza kuacha neno "wivu" peke yake katikati ya blanketi la arusi.

Baada ya mazungumzo hayo, na baada ya mwanafunzi kumpigia nyanya yake simu ili kumsomea kwa Kinyarwanda kila mstari ulimaanisha nini, maneno yalifikia hapa:

Neema, kitukuu wangu,
nilikushonea kwa mkono.
Ndani yake mna vitenge vya mama yako.
Nyogokuru (jina lake kamili)
Rusizi, Desemba 2024

Mstari wa tatu haukuwapo kwenye karatasi ya mwanzo. Ulitoka kwa nyanya mwenyewe kwenye simu: kwamba vile vipande vya kijani na vya manjano ni vya kitenge alichokivaa mama yake Neema siku alipoondoka nyumbani. Hakuna sarufi ambayo ingetupatia habari hiyo. Kwa hiyo ushauri wetu kwa yeyote anayemwandikia mwenzake lebo ni kwamba amuulize mshonaji kwanza vipande vimetoka wapi, ndipo aanze kufikiria ngeli. Mwanafunzi alitaka kuongeza "nakupenda sana". Nyanya alikataa, akasema kwamba mtu hashoni miezi saba kwa asiyempenda. Tulimwachia neno lake.

Kuhusu utekelezaji tuseme machache. Lebo ya sentimita 10 kwa 15 inatosha mistari mitano kama hii. Itumike pamba nyeupe au ya rangi hafifu, ifuliwe kwanza ili isije ikajikunja baadaye na kuvuta bitana. Maneno yachorwe kwa penseli, yahesabiwe yaenee, kisha yadariziwe kwa mshono wa kurudia, au yaandikwe kwa kalamu ya wino wa kudumu wa vitambaa na kupigwa pasi. Mstari ukatwe mwisho wa neno. Kama neno halienei, likatwe kwenye silabi: nilikusho-nea, kamwe si nilikus-honea, kwa kuwa sh ni sauti moja. Lebo ikishonwa kwenye bitana kabla matabaka hayajashikanishwa, mishono ya blanketi itapita juu yake, na hapo haitabanduka wala kubanduliwa. Maelekezo ya kufua, kama "Fua kwa maji baridi, usitie jiki", yawekwe kwenye kipande kingine kidogo. Hayafai kukaa mstari mmoja na jina la mtu.

Kwa walimu wanaotaka kulifanyia kazi suala hili darasani, tumelijaribu na kundi la mwaka wa pili kwa saa mbili. Kila mwanafunzi alipewa mtoaji, mpokeaji na mji wa mpokeaji, kisha akaandika lebo isiyozidi maneno 20. Baadaye lebo zilibadilishwa, na msomaji alitakiwa kusema, bila kumuuliza mwandishi, nani alimpa nani, wana undugu gani, na kama mtoaji yu hai. Lebo nyingi zilishindwa kwenye swali la pili, na karibu zote kwa sababu ya maneno ya undugu: baba mdogo, mjomba na ami viligongana, na shangazi alichukua nafasi ya mama mdogo kila alipotokea. Waliopewa wapokeaji wa Nairobi na Lubumbashi walibishana kuhusu bibi hadi kengele ikalia. Orodha ya watoaji na wapokeaji tuliyotumia inapatikana idarani kwa mwalimu yeyote anayeihitaji.